Fundi na Vitu vya Watu

Ukimpelekea ampli iliyokufa, isiyokuza sauti tena, hakukusalimu kwanza. Habari ya nyumbani ingesubiri, na watoto wangesubiri. Aliiweka mezani, akaipangusa vumbi kwa taulo lililokuwa shingoni mwake siku zote, halafu akakutazama.

"Ilikufa namna gani?"

Na ole wako ukimjibu kwamba imekufa tu. Alitaka kujua kama ilizimika ghafla au ilianza kwa kukohoa, kama mliona moshi, kama mlikuwa kwenye umeme wa mji au kwenye jenereta, na nani alikuwa amesimama karibu. Mara ya kwanza nilidhani ananichezea. Nilikuwa nimetumwa na kwaya yetu ya mtaa wa Kasenga, ambayo ilinipa kazi ya kutunza vyombo vya muziki kwa sababu, walisema, mimi ni mkali na hakuna atakayethubutu kuazima kitu kwangu. Nikamwambia, "Papa, minye nauzaka ndagala. Weye ndiyo fundi. Uliza ampli yenyewe."

Akajibu bila kucheka, "Nitaiuliza. Lakini naanza na ule aliyekuwa pale."

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, maana sijui, na sikumbuki mtu aliyewahi kumuuliza. Mtaa wote wa Kimanga ulimwita Fundi, nasi wenye adabu tukaongeza Papa mbele yake. Alikuwa mwembamba, na ukucha wa kidole gumba chake cha kulia aliuacha mrefu ili ashikie skrubu ndogo. Alitembea kwa hatua fupi, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbao karibu na soko, upande unaoteremka ziwani, na nyuma yake alikuwa na chumba kingine cha kulala.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa pua. Alifungua kifuniko cha nyuma, akainama, akanusa polepole huku amefumba macho. Alisema transista iliyoungua ina harufu yake, na waya wa transfoma uliopata moto una yake, nzito zaidi, inayokaa kwenye koo. Kwa sababu hiyo mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikuwa natoka sokoni moja kwa moja na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, mwilini, na yeye alinyoosha kidole kabla sijavuka mlango. "Weye na samaki yako mukae kule. Muko mutanidanganya." Akaniwekea kiti nje, chini ya ukingo wa bati, na miaka yote hiyo tuliongea hivyo, yeye ndani na mimi nje, nikipaza sauti kama ninayegombana naye. Wapita njia walidhani tuna kesi.

Baada ya pua ilikuja balbu. Ilikuwa ile ya zamani yenye uzi ndani, ambayo siku hizi ni tabu kuipata kwa kuwa watu wote wanatumia taa nyeupe za kichina. Aliifunga kwenye kitambaa na kuitunza ndani ya sufuria yenye kifuniko. Kabla ya kuipa ampli umeme, aliupitisha umeme huo kwanza kwenye balbu. Kama ndani ya ampli kulikuwa na kitu kilichoungana vibaya, balbu iliwaka kwa nguvu na kubaki inawaka, na hapo alizima haraka, akijua kwamba bila balbu vitu vingine vingeungua pia. Kama ampli ilikuwa nzima, balbu iliwaka mara moja kisha ikafifia, ikabaki uzi mwekundu tu. Nilipenda kuiona ikififia. Yeye alipumua wakati huo, nami huku nje nilijikuta napumua pamoja naye.

Mpiga gitaa wetu alimpa hasira kubwa kuliko zote. Fyuzi ya ampli ilikatika siku ya ndoa, na yule bwana, badala ya kutafuta fyuzi nyingine, akaviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kuichomeka mahali pake. Muziki ukarudi. Watu wakamshangilia kama aliyefufua mfu. Kabla ya keki kukatwa, ampli ilitoa mlio mmoja mnene, spika ikasukumwa mbele na kubaki hapo, na harufu ikajaa ukumbi. Kesho yake Fundi aliitoa ile karatasi kwa ncha ya ukucha wake, akaileta mlangoni nilipokaa, akaniwekea mkononi.

"Fyuzi iko mulinzi. Mulinzi alikufa akiwachunga, nyinye mukaweka picha yake mulangoni."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alipima transista kubwa moja baada ya nyingine, akazikuta zimekufa mbili mbili, akaniambia kwamba hizi huwa hazifi peke yazo, moja ikienda inamvuta mwenzake. Halafu akazitafuta nyingine kwa wiki nyingi, kwa sababu zile za sokoni, alisema, zimeandikwa jina zuri juu na ndani hakuna kitu.

Mara nyingine ampli hiyo hiyo ilikuwa inaimba vizuri ikiwa baridi na kunyamaza ikipata joto. Aliiwasha, akaiacha, akachukua kijiti kikavu cha mwanzi na kugongagonga ndani, kila mahali, taratibu, kwa muda ambao mimi nilimaliza kuchambua kikapu kizima cha ndagala. Ghafla sauti ikakatika, akagonga tena, ikarudi. Mahali pale risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kuzunguka mguu wa waya, ufa ambao hata aliponionyesha kwa kioo chake cha kukuzia sikuuona. Nikamwambia naamini tu. Akaniambia nisiamini, nirudie kutazama.

Mtu huyu aliyewapa watu muziki hakutaka muziki dukani kwake. Redio hakuwa nayo. Ukutani palikuwa na gitaa la kujaribia, lenye nyuzi chache zilizobaki, na wimbo wake ulikuwa mmoja, mwanzo wa tenzi fulani, na hata huo hakuumaliza. Alifika mahali pale pale akaacha, akageukia vifungo. Alitengeneza vyombo vya makanisa karibu yote, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, na Jumapili alikaa nyuma ya duka akifua nguo zake. Niliwahi kumwalika. Akasema, "Nikiingia mule nitasikiliza ampli, sitasikiliza Mungu."

Alikula amesimama. Nilimwona mara nyingi, sahani ya bugali mkononi, mgongo umeegemea mlango, anatazama barabara. Nikamuuliza juu ya nini hakai akala kama watu. "Kukaa ku meza iko kazi ya bantu wawili," akasema, akaenda kuosha sahani. Mimi ni mjane na watoto wangu wako mbali, kwa hiyo nilimwelewa vizuri sana, na jibu lake lilinikaa rohoni njia nzima ya kwenda nyumbani.

Nyuma yake, wakati wote huo, ilikuwepo rafu.

Kila fundi ana vitu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Mafundi wengine wa mji walisubiri kidogo, kisha wakatoa kilichofaa ndani yake wakatengenezea vya wengine, na ukiwauliza walikujibu kwa methali, kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Fundi alichukia methali hiyo. Hakutoa hata skrubu. Kilichoachwa kwake alikitengeneza kikapona, akakifunika kwa kitambaa, akakipandisha rafuni, na alikirudisha kwa mwenyewe tu au kwa mjane wake. Hakuandika majina. Aliyekuja kudai aliulizwa swali lile lile, ilikufa namna gani, na jibu lake lililinganishwa na lile la siku ya kwanza, ambalo Fundi alilihifadhi kichwani. "Jina muntu anaweza kuiba," alinieleza. "Namna ilikufa, hawezi." Nilishuhudia mtu mmoja aliyevaa suti akirudishwa mikono mitupu kwa sababu alisema ampli ilizimika kimya, na kumbe ilikuwa imelia.

Sasa niseme habari ya mke wake. Watu walipokuwa wanakimbia vita kuelekea Burundi, yule mama alivuka mto Ruzizi na watoto, na Fundi akabaki nyuma ili awarudishie watu vitu vyao kwanza, kisha awafuate. Duka lilikuwa limejaa. Wenye vitu wengi nao walikuwa wamekimbia, kila mmoja upande wake. Akasubiri. Mke na watoto wakakaa kambini, na baadaye wakachukuliwa kupelekwa nchi ya mbali, yenye baridi, ambayo Fundi hakuitaja jina. Alisema "kule" tu. Simu yao ikiita, alitoka na kwenda nyuma ya duka.

Watu walimuuliza, nami nilimuuliza, "Papa Fundi, utawafuata lini?" Jibu lake lilijulikana na kila mtu.

"Niko na vitu ya bantu."

Tulimheshimu kwa hilo, na siyo kidogo. Mchungaji wetu alimtaja madhabahuni, bila jina, kama mfano wa mtunzaji mwaminifu. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia Kimanga, tulimwona kwa macho yetu akipandisha vile vyombo Kasenga, kimoja kimoja, kichwani, kuviweka kwenye ukumbi wa kanisa, na kitanda chake mwenyewe kikaharibika majini. Mimi ndiye niliyekuwa nasimulia kisa hicho sokoni kuliko wote. Ulimi hauna mfupa, na wangu haukuwahi kuwa nao.

Kidogo kidogo rafu ilipungua. Wengine walirudi kutoka kambini, wakasema ilivyokufa, wakachukua. Wajane walikuja. Mwishowe ikabaki moja, ampli ya kahawia ya mtu wa milimani, upande wa Mulenge, mfugaji aliyekuwa akipiga gitaa kanisani kwao. Hakuna aliyejua kama bado yuko hai. Fundi aliipangusa vumbi kila asubuhi kabla ya kufungua mlango.

Siku moja mwanamume mrefu mwenye fimbo alisimama mbele ya meza yangu sokoni, akachagua ndagala za kupandisha mlimani, na wakati namfungia akaniuliza ni wapi anaweza kupata nyuzi za gitaa. Nikamwelekeza, nikamuuliza anapiga na ampli gani.

"Ah, mama," akasema, "nilikuwa nayo. Niliiachaka kwa fundi moja hapa Kimanga. Lakini maji ya ziwa imepita pale. Siwezi kusumbua muntu na kitu ilishaisha."

Nilimshika mkono. Sikufunika hata ndagala zangu. Nilimvuta sokoni katikati ya watu nikiwaita jirani wote waje waone, na tulipofika mlangoni kwa Fundi nilipaza sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Fundi alimtazama yule mtu, akatazama rafu. Akajipangusa mikono kwa taulo lake. Kisha akauliza, "Ilikufa namna gani?"

Yule mfugaji akaweka fimbo yake chini. Akasema walikuwa kwenye ndoa ya mdogo wake, umeme wa jenereta ukaruka, ampli ikanguruma, na harufu ikatoka kama ya pembe ya ng'ombe ikiguswa na moto.

Ilikuwa ndiyo, hata mimi niliona usoni mwa Fundi kwamba ni ndiyo. Lakini safari hii hakuridhika. Akauliza nani alizima. Akauliza kifungo gani kilikuwa kimelegea. Akauliza kama mvua ilikuwa inanyesha, swali ambalo sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu. Yule mtu alijibu yote kwa upole. Nilidhani Fundi anafanya uangalifu kwa kuwa ni ya mwisho, na nikajivunia kwamba namfahamu mtu wa namna hiyo.

Akaishusha. Akaiunganisha na balbu, balbu ikawaka, ikafifia. Yule mfugaji akalichukua gitaa la ukutani, akapiga kwa nyuzi zilizokuwepo, na sauti ikatoka safi, bila mngurumo wowote, watu mlangoni wakapiga makofi. Fundi alikuwa amegeukia ukuta.

"Njia iko mbali," akasema bila kugeuka. "Hauna muntu wa kukubebea. Iache hapa kwanza, utaikuta."

"Hapana, Mzee. Iko motari ananingojea. Mungu akubariki. Minye sikufikiri kuko bantu kama weye."

Ampli ikafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki na ikaondoka. Hapo nami nikafungua mdomo wangu, nikapiga kigelegele, nikasema mbele ya Kimanga yote, "Papa Fundi, sasa uko huru! Rafu iko tupu! Nenda kwa muke wako!"

Kuanzia siku hiyo kila aliyepita alimuuliza safari ni lini. Walimuuliza asubuhi akifungua, wakamuuliza akinunua mkaa. Mama mmoja alimletea sweta la mwanawe, kwa ajili ya baridi ya kule. Baada ya muda mfupi mlango wa duka ukaanza kufungwa mchana. Ukapita muda mwingine bila kufunguliwa kabisa, na watu wakaanza kusema ameshaondoka, na kwamba si vizuri kuondoka bila kuaga.

Mimi sikuamini. Nilikwenda alasiri moja, bila ampli, na kikapu changu kichwani. Nikagonga, nikaita, nikamwambia kwamba kama amekufa aniambie nisipoteze muda. Mlango ukafunguka kidogo.

"Ingia," akasema.

"Na samaki?"

"Ingia na samaki yako."

Ilikuwa mara ya kwanza. Ndani kulikuwa kudogo kuliko nilivyodhani. Meza ilikuwa tupu, chuma cha kulehemu kimening'inizwa, na ile rafu ilikuwa mbao tu. Sweta lilikuwa juu ya kiti, bado limekunjwa. Akalisogeza nikakaa, yeye akabaki amesimama.

"Papa, unaenda ao hauende?"

"Siende."

"Juu ya nini? Hauna kitu ya muntu tena."

Alishika taulo lake shingoni kwa mikono miwili. "Mama, muke wangu alishaniambiaka nisikuje. Zamani. Maji ya ziwa ilikuwa haiyapanda bado. Iko na bwana mwingine kule. Muzuri, anachunga watoto. Ule mudogo anamuita papa."

Nikakiweka kikapu changu chini.

"Bantu walikuwa wananiuliza," akaendelea, "na minye nilikuwa na jibu. Jibu ya kweli! Vitu ilikuwa hapa. Walikuwa wanaona. Sasa wakiniuliza, nitaonyesha nini?"

Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Niliukasirikia mji mzima na maswali yake, nikamkasirikia yule mama wa mbali ambaye simjui, na zaidi ya wote niliukasirikia mdomo wangu na kigelegele chake. Huyu mtu aliomba tu kitu kimoja, aachwe na sababu ya kuwa peke yake ambayo watu wanaweza kuiheshimu, na mimi nilikuwa nimemleta mtu aibebe kwa pikipiki. Nililia kidogo. Yeye alinitazama kwa wasiwasi, akachukua kikapu changu akakiweka kivulini ili ndagala zisiharibike.

Nilipojifuta uso nikamwambia, "Kesho nitakuletea ampli ya kwaya."

"Iko na shida gani?"

"Haina shida."

Akatazama rafu, kisha akanitazama mimi. Nje mtu alipita akiimba, na tukangoja apite.

"Ilete," akasema. "Nitaitafutia shida."

Niliipeleka mwenyewe kwa pikipiki, nikaipitisha mbele ya soko ili wote waione. Aliipokea mlangoni na kuniuliza kwa sauti kubwa ilikufa namna gani, nami nikamjibu kwa sauti kubwa zaidi, nikamsimulia kifo kirefu chenye moshi. Mlango wa duka uko wazi tena sasa. Anayemuuliza habari ya safari anaonyeshwa nyuma, kwenye rafu, ambapo kuna kitu kimefunikwa kitambaa, na anaambiwa kwamba kanisa halijapata ampli yake bado.

Jumapili tunaimba kwa sauti zetu tu. Waimbaji wa nyuma hawasikiki, na mpiga gitaa wetu ameacha kunisalimu. Wakinisonga sana nawajibu kwamba shida ya ampli ile ni ngumu, Fundi bado anaitafuta, na mimi sitaki mtu amharakishe.